Bawa la Ondiek Matangani

Ondiek aliporudi kutoka soko la Kibuye na mfuko wa bolti, alikuta ndege aliyokuwa akijiundia uani imevuliwa nguo. Bawa la kushoto lilikuwa mabomba ya alumini matupu, mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

"Nani?" Sauti ilikuwa ile ile aliyowaamshia makuruti jeshini.

Mkewe Agneta hakuinua macho kwenye cherehani. "Calvince. Ati wazee wananyeshewa kwenye matanga ya Mama Seline, na kitambaa chako hakipitishi maji."

Miezi minne Agneta alikishona kitambaa hicho. Na kesho mkaguzi wa ndege alikuwa anakuja hapo kwao Kisian kutoka Nairobi. Akikuta bawa uchi, hakuna kibali cha kuruka, na mwaka mwingine umekwenda.

Ondiek alitembea hadi matangani akisaga meno. Kitambaa kilikuwa juu ya nguzo sita, wazee chini yake na vikombe vya chai. Calvince, mdogo wake, akamwona.

"Sajenti! Leo ndege yako imebeba abiria arobaini, na bado haijaruka!"

Watu wakacheka.

"Umekata nyuzi za mke wangu kwa kisu?"

"Nikuulize, Bwana. Ungekuwepo, ungekataa? Matanga ya mama yetu mkubwa? Sema, watu wakusikie."

Hapo ndipo palipomchoma. Asingekataa, na Calvince alijua hivyo alipokuwa akinoa kisu. Ondiek alitamani kuzing'oa zile nguzo zote sita. Badala yake alitoa tusi la Kijaluo ambalo wazee walijifanya hawakulisikia, akarudi nyumbani akinyeshewa.

"Leta lile turubai kuukuu," alimwambia Agneta. "Tutalipaka rangi. Mkaguzi hatajua."

Alilivuta juu ya mbavu kwa nguvu, kidole kikakwaruzwa. Akainama. Penye tundu la tatu la bolti, alilotoboa karibu mno na ukingo, bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bomba hilo alilifunika mwenyewe kwa kitambaa, kwa haraka zake, bila kulikagua.

"Nishone?" Agneta aliuliza.

"Ukishona, utanizika."

Akampigia mkaguzi simu. "Usije kesho. Bawa langu lina ufa."

"Pole, Mzee. Nani ameugundua?"

Ondiek alisikiliza nyimbo za matanga zikivuma ng'ambo ya barabara.

"Mjinga mmoja mwenye kisu," akasema, akakata simu, akachukua msumeno, akaanza kulikata lile bomba bovu.