Lita za Buti na Keki ya Ghorofa Nne

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Mama Ghorofa, kwa sababu keki zake zilipanda kwenda juu kama nyumba za wenye nazo, ghorofa juu ya ghorofa, na ile ndogo ya mwisho ikabeba maua. Kuzioka hakukumpa shida. Shida ilikuwa barabara.

Siku ya kupeleka keki walikodi gari lolote lililopatikana. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyezipamba keki zote, alikaa kiti cha nyuma na sinia mapajani, amekaza shingo, hapumui ila kwa ruhusa.

"Mapaja yangu ndiyo shokapu za biashara hii," alizoea kusema. "Siku yakichakaa, sijui mtaninunulia wapi mengine."

Kisha ikaja hoteli ya mlimani. Mpishi mkuu wa hoteli ile alitafuta mwokaji mmoja wa kumwachia harusi zake zote, na sharti lake lilikuwa moja: keki ifike imesimama, ghorofa zote nne mahali pake. Jikoni kwake wapishi walipishana na masufuria ya moto, hapakuwa na kona ya mtu kupanga keki upya. Keki ya kwanza ya majaribio ilifika imeinamia upande, kama mtu anayetega sikio ukutani kwa jirani. Mpishi mkuu hakufoka. Aliionja, akafuta kijiko.

"Ladha yake sina neno nayo, mama. Niletee nyingine Jumamosi. Na hiyo ikilala, itanibidi nimwite mwingine."

Ndiyo maana, siku mbili tatu baadaye, Mama Ghorofa alikuwa kwenye yadi ya magari, amesimama baina ya mumewe na wifi yake, ameshika karatasi mbili za sifa za gari. Walikuwa wameyachuja mengi mpaka yakabaki mawili ambayo bei zao zilikaribiana. Moja lilikuwa jekundu, mgongo umeteremka kwa madaha, rimu kubwa zinazong'aa kama masufuria mapya. La pili lilikuwa jeupe, fupi, limekaa wima kama kabati lililoota magurudumu.

Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alianza kusoma pale alipoanza siku zote, kwenye injini. "Jekundu lina nguvu za farasi nyingi kuliko hili kabati," alisema. "Kule mlimani si mchezo."

Mama Ghorofa alishuka na kidole mpaka kwenye mstari wa buti. Hapo moyo wake ulitulia, kwa kuwa palikuwa na neno analolijua. Lita. Maisha yake yote aliyapima kwa lita, maziwa, mafuta, uji wa keki. Buti la jekundu lilikuwa na lita nyingi kuliko la jeupe, tena kwa tofauti ya kutosha. Lita ni lita, alijiambia. Haina ujanja.

"Jekundu," alisema.

Wifi aliwatazama kwa zamu. "Ninyi wawili mmekubaliana? Hamjawahi kukubaliana hata rangi ya mapazia. Mimi naogopa."

Muuzaji, kijana mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alichangamka. "Chaguo zuri, mama. Halafu lina kifaa cha kulishika gari mlimani. Ukisimama kwenye mwinuko, halirudi nyuma hata chembe. Jeupe halina."

"Hicho mimi ninacho mguuni," alisema mzee. "Nimezeeka nacho."

Wangeweza kumaliza hapo. Lakini Mama Ghorofa hakuwa mtu wa kutia keki kwenye tanuri kabla ya kulipasha moto. Aliomba muda, akaenda kwenye teksi iliyowaleta, akarudi na boksi tupu la kadibodi, lile lile la keki ya ghorofa nne. Alikuwa amelibeba tangu nyumbani bila kumwambia mtu. Muuzaji akafungua mlango wa nyuma wa jekundu.

Boksi halikuingia. Lilikwama kwenye ukingo wa juu, pale mgongo wenye madaha ulipoteremka. Alipojaribu kulilaza kidogo, wifi akaguna. "Ukililaza boksi na keki nayo inalala, wifi. Hiyo tumeshaipeleka mara moja."

Walilihamishia kwenye jeupe. Likaingia mpaka ndani, likakaa juu ya sakafu bapa, na juu yake pakabaki nafasi ya kupitisha mkono.

Mama Ghorofa alirudi kwenye karatasi, akaisoma tena polepole, akidhani amekosea mstari. Hakuwa amekosea. "Hili lina lita chache," alisema. "Inakuwaje?"

Mumewe alivuta kope, kama alivyofanya kila alipofikiri. "Lita wanazihesabu kwa kujaza kila pembe. Nyuma ya matairi, chini ya sakafu, huko ubavuni panapoingia soksi tu. Zote zinahesabiwa. Wakati wa malori tulipakia mchanga na tulipakia makabati. Mchanga hujaza lori mpaka ukingoni. Makabati matatu, lori limejaa na bado unaona hewa tele."

Aliposikia hivyo, Mama Ghorofa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amelielewa jambo kwa lugha ya jikoni kwake. Uji wa keki hufuata umbo la chombo, chochote kiwe. Keki iliyoiva haifuati chombo, ni chombo kinachoifuata. Yeye alikuwa amelipimia buti uji, ilhali alichokuwa anabeba kimeshaiva.

"Basi tusome tena," alisema. "Kila mstari. Na kila mstari tuuulize, unaiambia nini keki?"

Walisoma wakiwa wameinama juu ya boneti ya jeupe, vichwa vitatu pamoja, na muuzaji akaongeza cha nne. Kwenye matairi, mzee alisimama. Rimu za jekundu zilikuwa kubwa, na mpira uliozizunguka mwembamba. Za jeupe zilikuwa ndogo, mpira mnene. "Mpira ndio godoro la gari," alisema. "Rimu kubwa ni kitanda kizuri kisicho na godoro."

"Usiniambie," alisema Mama Ghorofa. "Nionyeshe."

Alimwomba muuzaji bakuli la maji. Walilijaza mpaka kwenye ua lililochorwa ndani, wakaliweka sakafuni mwa kila gari kwa zamu yake, na mzee akayaendesha yote mawili kwa mwendo ule ule kwenye barabara ya matuta nyuma ya yadi. Wifi alikaa nyuma kama shahidi. Kutoka kwenye jekundu alishuka na viatu vilivyolowa. Kutoka kwenye jeupe alishuka amelibeba bakuli kwa mikono miwili, maji yakiligusa ua bado.

"Viatu vyangu vimepiga kura," alisema.

Muuzaji alicheka mpaka funguo zikalia. "Mama, mimi nimeuza magari hapa kitambo, na swali la bakuli sijawahi kulisikia. Kesho nalinunua langu."

Ilibaki hofu moja, nayo ilikuwa ya mzee. Farasi wa jeupe walikuwa wachache, na mlima ulikuwa pale pale. Alirudi kwenye karatasi, na safari hii hakuishia kwenye mstari wa kwanza wa injini. Chini yake kulikuwa na mwingine, wa nguvu ya kuvuta, ambao aliuruka kwa sababu farasi walikuwa wamemlevya.

"Ala," alisema taratibu. "Jekundu linapata nguvu yake injini ikishapiga kelele. Hili kabati linavuta mapema, injini ikizunguka polepole. Ndivyo lilivyokuwa lori langu." Akaipapasa boneti. "Na sisi na keki, tuna haraka ya kwenda wapi?"

Jumamosi keki ilisimama ndani ya jeupe, ghorofa nne, nyeupe juu ya nyeupe, sinia limewekewa mpira chini lisiteleze. Wifi alikaa nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Mji uliisha, barabara ikaanza kupanda. Injini iliunguruma kwa sauti ya chini bila kulalamika. Kwenye kona iliyo kali kuliko zote, lori lililotangulia likasimama ghafla, nalo jeupe likasimama nyuma yake, pua juu, mkia chini. Nyuma yao honi zilianza. Mama Ghorofa hakugeuka kuitazama keki. Alimtazama mumewe.

Mzee alivuta breki ya mkono. Lori lilipoondoka, aliachia klachi kidogo, akangoja mpaka gari likatetemeka kama paka anayekoroma, kisha akaishusha breki kidole kwa kidole. Jeupe likasogea mbele kama vile halikuwahi kusimama.

"Nilimwambia yule kijana," alisema. "Ninacho mguuni."

Hotelini, mpishi mkuu alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari. Mama Ghorofa akafungua mlango wa nyuma, akaondoa boksi. Mpishi mkuu aliizunguka keki kwa macho, ghorofa kwa ghorofa, akachuchumaa aione kwa usawa. Hapakuwa na ufa. Hata ua la sukari lililokuwa juu kabisa, lenye petali nyembamba kama ganda la kitunguu, lilikuwa limetulia kama lilivyowekwa na wifi asubuhi.

"Imesimama," alisema.

"Imesimama," alijibu Mama Ghorofa.

"Basi harusi za hapa ni zako, mama. Ya kwanza ni Jumamosi ijayo." Aliwaita wapishi wawili wakaibeba, naye akabaki nyuma akilizunguka gari. "Dogo hivi? Buti lake lina lita ngapi?"

Mzee alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia.

"Chache," alisema. "Ila zote zinafanya kazi."

Kwenye kiti cha nyuma wifi alikuwa bado amekaa, mlango wazi, akiyapigapiga mapaja yake. "Niacheni kidogo," alisema. "Leo haya yamekuja kama wageni waalikwa, bila kubeba sinia. Yanataka kuzoea."