Kidole cha Anyesi

Alfajiri, umeme ukiwa bado umekatika, kitu kililia ti, ti, ti ndani ya chumba cha Anyesi kule Nkuhungu. Alidhani ni bomba linadondosha maji kwenye beseni. Akapapasa gizani, akakuta beseni kavu. Akasikiliza tena. Sauti ilizidi alipoinama kitandani, ambako Hana, bintiye wa miaka minne, alikuwa amelala amelikumbatia koti la kazi la mama yake. Anyesi akalichomoa koti polepole asimwamshe, na mkono wake ulipolishika, sauti ikawa kali kabisa. Kilichokuwa kinalia ni kidole chake cha shahada. Akalitundika koti nje kwenye kamba, kidole kikanyamaza, akawasha mkaa wa chai.

Karakana alikofanya kazi ilitengeneza vihisi, yaani vipande vya plastiki vyembamba kama ganda la kitunguu, vinavyobandikwa ukutani na kupiga king'ora hewa ikichafuka. Anyesi alidondosha wino wa kaboni ulioyeyushwa kwa thina, dawa kali ya kuyeyushia rangi, juu ya plastiki, akaizungusha kwenye mashine mpaka wino ukatandaa kuwa utando, kisha akaioka kwenye bamba la moto. Vumbi la Dodoma likitua kabla utando haujakauka, kipande kimekufa. Kwa hiyo madirisha yalizibwa yote, na mvuke wa thina ulitolewa na feni moja. Feni hiyo iliungua kiangazi kilipoanza. King'ora cha ukutani kilizimwa siku ileile, maana kingelia kutwa.

"Zima simu yako," alisema Obedi wa meza ya pili.

"Si simu. Ni kidole."

"Basi kizime kidole. Kichwa chenyewe kinaniuma."

Msimamizi wao, Hilda, akaingia.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Nani anapiga kelele?"

Anyesi akakiinua kidole. Akaeleza kwamba kinalia thina ikizidi, kwamba alfajiri kimelilia koti, na kwamba mwanawe hulala na koti hilo. "Naomba feni itengenezwe, madam. Na makoti yafuliwe hapahapa, tusiende nayo nyumbani."

"Mtoto wako hatukumwajiri," Hilda alisema. "Funga hicho kidole."

Akakifunga plasta. Kikalia ndani ya plasta. Kanuni iliyobandikwa mlangoni ilisema king'ora kikilia wote watoke nje, kwa hiyo walitoka, wakasimama juani, wakarudi, wakatoka tena. Kazi haikuisha, na wote wakabakizwa jioni. Tangu hapo hakuna aliyeketi na Anyesi wakati wa chakula. Mtu alimtilia gundi ndani ya glavu.

"Kengele, leo umemeza betri ngapi?" Obedi aliuliza, na wengine wakacheka.

Mwishowe aliitwa kwa Injinia Kaushik, ambaye hupima kila kihisi kabla hakijauzwa. Kaushik alikiingiza kidole kwenye chupa, akadondosha thina, akasoma mashine. Akarudia.

"Kinawahi kuliko vyetu," alisema bila kumtazama usoni. "Na hakidanganyi."

"Umeona sasa, injinia. Hewa ni mbaya kweli."

"Nimeona."

Anyesi alirudi nyumbani amefurahi. Darasa la jioni alilowahi kusoma lilikuwa limemfundisha kwamba kitu kikipimwa mara mbili kikatoa jibu lilelile, hakuna wa kukibishia. Akamwambia Hana kwamba kazini kwa mama inakuja feni.

"Ina mabawa?" Hana aliuliza.

"Ina mabawa. Haina manyoya."

Kesho yake fundi alikuja na ngazi. Anyesi akasogeza meza yake ampishe. Fundi akapanda, akaipita feni, akakibandua king'ora cha ukutani, akakitia kwenye boksi. Kilikwenda kwa mteja mmoja wa Hombolo mwenye mapipa ya mvinyo.

"Na feni, madam?" Anyesi alimuuliza Hilda.

"Feni ya nini, wakati tuna kidole?"

Hilda akabandika namba juu ya ukucha, kama inavyobandikwa kwenye kila kihisi, kisha akaamuru kiti cha Anyesi kiwekwe katikati ya chumba, karibu na bamba la moto, mvuke unakokuwa mzito zaidi. Kidole kikilia, wengine walitoka. Anyesi alibaki ndani, kwa sababu naye akitoka, hakuna ambaye angejua hewa imesafika lini.

Obedi alimchungulia kwenye upenyo wa mlango. "Bado?"

"Bado."

"Jitahidi basi. Huku jua kali."

Jioni Anyesi alilitundika koti nje, akanawa mpaka viwikoni, akabadili khanga. Kidole chake kilikuwa kimya. Kilikuwa kimeshaizoea harufu ya mwili wake. Mkekani, mahali jirani alipomwacha na sahani yake, Hana alikuwa anachovya ugali kwenye mlenda. Akaliacha tonge, akamkimbilia mama yake amkumbatie, na kadiri alivyokaribia, ti, ti, ti ilizidi. Anyesi alikitazama kidole chake, akakiweka sikioni. Kimya.

Hana akauinua mkono wake uliojaa mlenda.

"Mama, na changu kinalia."