Siku Makamu Mkuu Alipokuwa Mwamba

Kengele ya shule ilipotea Jumatatu, na tangu hapo wanafunzi waliishi kama kuku waliofunguliwa banda: chai ilinywewa saa ya hesabu, na hesabu haikufanyika saa yoyote. Aliyeumia alikuwa mmoja tu. Mzee Saa, mpiga kengele kwa miaka ishirini na sita, aliitwa na mwalimu mkuu akaambiwa, kwa upole mwingi, kwamba kengele isipoonekana kufikia Ijumaa kitafungwa king'ora cha umeme, naye ataagwa kwa heshima na cheti.

"Cheti hakipigwi kikalia," alimwambia mkewe, akakosa hamu ya kula.

Wanafunzi walidai hawamjui mwizi, ila walikwisha kumpa jina la sifa: Mwamba. Walilitamka wakiwa wameshika vifua.

Kazi ya kuwashawishi wairudishe aliachiwa makamu mkuu, ambaye kwa siri aliitwa Kamusi. Jumanne alipanda jukwaani. "Enyi chipukizi wa leo, nguzo za kesho." Zamani maneno hayo yalimtoa Mzee Saa machozi. Sasa nguzo za kesho zilipiga miayo kwa zamu.

Jumatano Kamusi akabadili gia. Alilegeza tai, akatia mkono mfukoni. "Wanangu, mambo freshi?"

Wanafunzi walitazamana, kisha wakatazama viatu vyao.

Alasiri, Mzee Saa akiwa ameketi karibu na mabomba, kijana mmoja alimwambia mwenzake kwamba mambo yake yako freshi.

"Kwani siku hizi wewe ni makamu mkuu?" mwenzake akamuuliza.

Kijana akanawa uso mara mbili. Neno lilikuwa limekufa, na hazikuwa zimepita hata saa nane tangu mtu mzima alipoligusa. Mzee Saa alikaa akiwaza, kisha akainuka kwenda ofisini.

"Mwalimu, kesho usiwakemee. Msifu aliyeichukua. Sema ni mwamba."

"Nimsifu mwizi, mzee wangu?"

"Na useme wewe pia ni mwamba. Neno hilo likitoka kinywani mwako litakuwa na uzito wa aina yake."

Kamusi akanyoosha tai.

Alhamisi alivuka matarajio. "Aliyechukua kengele ni mwamba," alinguruma. "Mimi pia ni mwamba. Nilikuwa mwamba ujanani, na hadi leo mama watoto, nikimenya vitunguu, huniambia: mwamba wangu, usilie."

Mstari wa nyuma mtu alitoa sauti kama ya puto linaloishiwa pumzi. Mchana kutwa hakuna aliyeshika kifua. Nyuma ya bweni, Mzee Saa alisikia mmoja akibembelezwa: "Rudisha tu, kaka. La sivyo makamu atakuita mwamba mpaka umalize shule."

Ijumaa asubuhi kengele ilikuwa juu ya kiti cha Mzee Saa, imeviringishwa kwenye taulo, na kikaratasi: *Tunaomba makamu asituite vile tena.* Mzee Saa aliipiga mpaka mpishi akatoka kumuuliza kama anataka kuipasua.

Kamusi alipita akitembea kama aliyeongezewa urefu. "Umeona nguvu ya ushawishi, mzee?"

"Nimeiona, mwalimu."

"Sasa hawa wanaotoroka masomo ya jioni." Akachomoa kalamu. "Siku hizi wanajiitaje?"

Mzee Saa akaweka kengele mapajani, mikono yote miwili juu yake. "Nipe mpaka Jumatatu," alisema. "Nitakaa mabombani."