Aliyeitwa Kutoka Paani

Yeon-ok alikua akimwogopa mama yake mzazi. Zamani, kijijini kwao Korea, chini ya mlima Jiri, mama alipewa dawa ya usingizi baada ya mimba kumharibikia. Hakuamka. Mwili ukapoa, pumzi haikuonekana, wakamlaza nyuma ya kiambaza cha karatasi. Baba akapanda paani na blauzi ya mkewe, akaipunga kuelekea kaskazini, kama desturi yao ya kuirudisha roho ya aliyekufa, huku akiita, "Ko Bun-nyeo, rudi." Kesho yake, waombolezaji walipokuwa wakinywa supu, maiti akaketi na kuomba maji.

Tangu hapo majirani walinong'ona kwamba aliyerudi si Bun-nyeo. Yeon-ok naye akazoea kulala uso ukielekea mlangoni.

Alikuwa mtu mzima mwenye binti mkubwa alipokwenda mjini kupimwa tumbo. Wakamchoma sindano ya kumtuliza.

"Utasinzia kidogo tu, mama," nesi alimwambia.

Hakusinzia kama watu wanavyosinzia. Alisikia kila kitu, ila hakuweza kuinua hata ukope. Akamsikia nesi, "Mbona huyu haamki?" Akamsikia binti yake, Seol-a, akilia. Kisha kutoka juu sauti ya mwanamume ikamwita jina lake, polepole, kama mtu anayemwita ng'ombe zizini. Ilikuwa sauti ya baba yake, naye alishazikwa siku nyingi. Yeon-ok hakujua kama anaitwa arudi au anaitwa aende.

Alizinduka asubuhi ya pili. Damu yake ilipimwa, na majibu yalipotoka Daktari Pyo akamketisha.

"Ini lina vimeng'enya vya kuvunja dawa na sumu," alisema. "Kuna kimoja ambacho sisi Wakorea wengi tu tunazaliwa kikiwa hakifanyi kazi, na wala hatujui. Wewe vimelala viwili. Dawa ikiingia mwilini mwako haitoki upesi. Ni mambo ya kurithi."

"Mama yangu aliwahi kulala hivi. Wakamwita maiti."

"Basi hakufa, mama. Alikuwa amelala."

Yeon-ok alipanda basi siku hiyohiyo kwenda kijijini. Alimkuta mama yake, mkongwe sasa, akimenya vitunguu saumu sakafuni.

"Mama, hukufa. Ni ini tu. Hata mimi ninalo hilohilo."

Bun-nyeo hakuinua macho. "Ulimsikia aliyekuita?"

"Nilimsikia baba."

"Alikuwa wapi?"

"Juu."

"Mimi pia nilimsikia huko juu," mama alisema. "Lakini kulikuwa na mwingine, chini, sikioni kabisa, naye alikuwa na sauti yake ileile. Nikamfuata mmoja wao. Yupi, mpaka leo sijui."

Nje hapakuwa na upepo. Yeon-ok alivitazama vidole vya mama yake vilivyopinda, kisha akasogea mpaka mabega yao yakagusana, akachukua kitunguu na kuanza kumenya. Hofu ilikuwa palepale. Ila sasa walikuwa nayo wawili.