Theluthi Iliyosahaulika

Mume wangu ni mpima ardhi, na mtu wa kazi hiyo haambiliki mbele ya kitu chenye vipimo. Daktari alimwonyesha picha ya jiwe lililokaa kwenye figo, akamwambia anywe lita mbili za maji kila siku. Jiwe lisipotoka hivyo, litatolewa kwa kisu. Tulitoka pale amesawijika. Huyu ni mtu anayefumba macho hata akichomwa sindano. Lakini kesho yake alirudi kutoka ofisini kifua mbele.

Ofisini kwao maji hunywewa kwa vikombe vya karatasi vya umbo la koni, vyenye ncha chini, ambavyo huwezi kuvitua mezani kabla hujavimaliza. Alikuwa amepima kimoja kwa rula: mdomo sentimita saba, kimo tisa. Huku chakula kikipoa, akanieleza kwamba unachukua pai, unazidisha kwa nusukipenyo mara nusukipenyo, kisha kwa kimo, unapata mililita mia tatu arobaini na sita. Vikombe sita, lita mbili zimepita. Nikamwambia kikombe chenyewe nakiona kidogo mno. Akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama nimewahi kupima kiwanja.

Basi akawa anakunywa sita kila siku, na nyumbani hagusi tone, eti kipimo kimetimia. Jiwe halikutikisika. Maumivu yakazidi, miadi ya kupasuliwa ikakaribia, naye akaanza kulaumu maji.

Jumapili nilichoka. Nikachukua kimoja cha vikombe alivyoleta kunionyesha, nikakijaza hadi mdomoni, nikamimina kwenye chupa ya mjukuu wetu, ile yenye mistari ya mililita. Maji yakasimama kati ya mia na mia ishirini. Nikamwekea chupa mbele ya macho.

Aliitazama mpaka nikamwonea huruma.

"Koni hugawanywa kwa tatu," akasema. "Mimi nilipiga hesabu ya kopo."

Nilicheka, nisifiche. Mpima ardhi mzima, kapoteza theluthi mbili za maji yake mwenyewe! Nilicheka mpaka akaisukuma chupa kando.

"Jumatano watanipasua, Mama Watoto. Naogopa."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kicheko kikaniisha. Nikajaza vikombe viwili, kimoja nikampa, kingine nikabaki nacho mkononi.

"Kunywa," nikamwambia. "Hiki nimekushikia, na unajua hakikai mezani. Siondoki hapa."

Akanywa kwa pumzi moja, akapokea cha pili, nami nikajaza kingine. Akaanza kuhesabu vilivyobaki ili zifike lita mbili. Nikamwambia hesabu aniachie mimi, yeye anywe.