Ubao wa Wageni

Bahari ya asubuhi ile ilikuwa imekwisha kutabiriwa kabla sisi hatujaamka. Mawimbi kupita kimo cha mtu. Kusi kali tangu alfajiri. Mwezi mpevu, kwa hiyo maji ya bamvua, yanayojaa sana na kutoka kwa kasi. Mkondo unavuta kwenda nje, asiingie mtu. Yote hayo yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi kando ya meza ya mataulo, chini ya bendera nyekundu, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kijerumani. Sisi wakulima wa miwa wa upande wa Matete, basi zima, tulipita mbele ya ubao huo tukiwa tumevaa makoti.

Nilikuja kujua ulichosema baadaye, nilipomshika mhudumu mkono na kumlazimisha anisomee. Wakati huo hakukuwa na faida tena. Ila mapema, tulipokuwa tunapita, nilikuwa nimemuuliza.

"Hii imeandikwa nini?"

"Ni ya wageni, mzee."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni wa kampuni," akasema, akaendelea kukunja mataulo.

Watu hunishangaa kwamba bado nakumbuka. Mimi nawashangaa wao waliosahau.

Ilikuwa miaka ile ya sukari. Kila mtu alikuwa amepanda miwa hadi inagusa ukuta wa jikoni. Usiku ukilala ulisikia majani yakikwaruza bati. Watoto walitafuna miwa mchana kutwa na jioni walilia njaa, na mahindi tuliyanunua kwa watu wa Lumakanda, sisi ambao baba zetu walikuwa na maghala. Kilichobaki ni vile vipande vya mahindi nyuma ya nyumba. Kampuni ya sukari ikavitaka navyo. Afisa wa mashamba, kijana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuja na kusema trekta zinapoteza wakati kuzunguka vipande vidogo vidogo, afadhali kuwe na shamba moja refu.

Osundwa akasema hapana. Osundwa alikuwa mwenyekiti wetu, mtu mfupi, mweusi tititi, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Shamba lake lilikuwa katikati kabisa, na kila mmoja alikuwa anamtazama yeye. Akikubali, tumekwisha. Akikataa, afisa hana pa kupitishia jembe lake. Mkutano wa kuamua ukawekwa. Hapo ndipo kampuni ikakumbuka kwamba wakulima bora wanastahili mapumziko ya pwani, wiki moja kabla ya mkutano.

Mkewe, Teresa, aliiona mapema. Nilikuwa nimekaa kwake siku ile, nakula obusuma, ugali wetu, na mboga, akamwambia mbele yangu.

"Baba Dinah, hawa watu wanataka urudi huku umenyamaza."

"Mimi nikinyamaza," Osundwa akasema, "ujue nimekufa."

Akacheka. Teresa hakucheka.

Mama yake Osundwa, Zipporah, mkongwe aliyekuwa hatoki tena uani, hakujali mambo ya mkutano. Yeye alitaka kitu kimoja. Alikuwa amesikia maisha yake yote kwamba kuna maji makubwa yaliyotiwa chumvi na Mungu mwenyewe, na hakuamini. Akampa mwanawe chupa ya soda yenye kizibo cha gunzi la mahindi. Amletee aonje mwenyewe. Na asimletee matope, akasema, achote pale penye maji safi.

Sasa sikiliza jinsi mtu wa kwetu anavyosoma maji. Hali ya hewa yetu haihitaji ubao. Asubuhi jua, adhuhuri wingu linasimama juu ya milima ya Nandi, alasiri mvua na mawe yake. Na mto hauutazami mtoni. Ukitaka kuvuka, unatazama juu unakotoka. Kukiwa na weusi kule, hata kama mto umelala mbele yako kama ng'ombe, huingii, kwa sababu maji ya kukuua yako njiani. Kule juu kukiwa kweupe, unavua viatu unavuka. Mtoto wa kwetu hujua haya kabla ya kujua jina la babu yake.

Osundwa alisimama kwenye mchanga na chupa yake, suruali imekunjwa magotini. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaniuliza juu ya maji haya, yanakotoka, ni wapi. Nikamwambia hata mimi sijui, labda ni kule mbele. Akatazama kule mbele, akatazama mbingu yote, na kote hakukuwa na wingu hata la kufunika jicho. Mawimbi yalikuwa yanapiga, ndiyo, lakini tulidhani bahari ndivyo ilivyo siku zote. Nani alikuwa ametuambia kuna siku nyingine? Afisa alikuwa kivulini na bia yake. Alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko sisi sote. Alikuwa amepita mbele ya ubao uleule.

Osundwa akainama achote ukingoni. Maji yalikuwa na mchanga na povu. Akayamwaga. Kwetu ukichota mtoni unapita tope la ukingoni, unaingia hadi maji yanapokuwa safi. Akaingia hadi magotini, akatazama, akamwaga tena. Akaingia hadi kiunoni. Nilimwona akiinua chupa juani na kuitazama, akaridhika, akapachika kizibo. Akageuka kutuonyesha.

Wimbi lililomchukua lilikuja kutoka mbingu nyeupe.

Tulipiga kelele. Tulimwona kichwa mara moja, mbali kuliko mtu anavyoweza kufika, halafu hatukukiona. Wazungu walisimama kwenye viti vyao. Mashua ilitafutwa, ikaja, ikazunguka, ikarudi. Afisa aliongea na polisi, kisha akatuambia bahari humrudisha mtu inapotaka yenyewe, na basi litaondoka kama ilivyopangwa. Nikasema siondoki. Askari wawili walinibeba wakanipandisha, koti langu likachanika kwapani. Ninalo bado.

Gari la kampuni lilifika nyumbani kabla yetu. Tulikuta matanga yameanza, na turubai la kampuni limefungwa uani, na magunia ya sukari ya kampuni yamepangwa kama ukuta. Watu walikunywa chai tamu kuliko walivyowahi kunywa kwenye kilio. Teresa alikaa chini, kichwa kimefungwa kitambaa, hakugusa kikombe.

Kwetu mtu akipotelea majini na mwili usionekane, hawezi kuachwa hivyo. Huzikwa mgomba badala yake. Kazi hiyo ni ya mkubwa wa familia, na mkubwa alikuwa Andati, kakake Osundwa, mtu aliyekuwa na tabasamu hata usingizini. Shina linatakiwa likatwe safi, juu ya mizizi, liwe kitu kilichokufa kabisa. Andati alikuwa na haraka. Mkutano ulikuwa kesho yake na alikuwa ameahidiwa kiti. Akawaambia vijana wang'oe tu, wasipoteze wakati kunoa panga. Wakang'oa shina pamoja na kitako chake na udongo wake, wakalifunga shuka, wakalifukia kando ya kipande cha mahindi. Mchungaji akaomba. Mvua ikanyesha kabla hajamaliza.

Kesho yake Andati akakaa kwenye kiti cha ndugu yake na kusema ndiyo. Alisema kwa niaba ya marehemu. Mimi nilisimama nikasema marehemu alisema hapana, sote tulimsikia. Nikaambiwa nina uchungu, nikae.

Jembe likaanza kupita kwa majirani. Kipande cha Osundwa kikaachwa mwisho, kwa heshima ya matanga.

Teresa ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anapalilia kaburi baada ya mvua za mfululizo, akaona kitu kijani kimetoboa udongo, kimeviringwa kama karatasi. Hakumwita mtu. Siku chache baadaye jani lilifunguka, na kila apitaye barabarani aliliona: kaburi la Osundwa limeota. Watu wakaanza kupitia njia ya pili. Waliokuwa wakija kumsaidia Teresa wakaacha kuja. Andati akaja na panga, akalifyeka jani, tabasamu lake bado usoni. Likaota tena. Akalifyeka. Yakaota mawili.

Zipporah aliketi uani akilitazama, akamwuliza kila mtu swali moja: mwanawe ameenda na chupa, chupa iko wapi.

Osundwa alikuja alasiri moja, wingu limesimama juu ya Nandi. Alikuwa anachechemea, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Mto ukikubeba, unakata maji kwa upande, hushindani nayo. Ndivyo alivyofanya, na bahari ikamtema mbali sana, juu ya miamba iliyomchana hadi mfupa. Watu wa huko walimwokota wakampeleka zahanati. Mguu ukaoza, homa ikamlaza, mwezi ukapita akiwa haijui hata siku. Alipopata sauti, alimwomba daktari apige simu kiwandani, wawaambie nyumbani yuko hai.

Simu ilipigwa. Simu ilipokewa. Nataka hilo likumbukwe.

Alipofika kwenye lango lake, watu walikimbia. Mtu aliyezikwa haingii nyumbani hivi hivi. Lazima kondoo achinjwe, mtu huyo anyunyiziwe yaliyo tumboni mwa kondoo, ukuta wa nyuma wa nyumba utobolewe aingie kama mtoto mchanga. Kabla ya hapo hana sauti. Akisema, humjibu, kwa sababu anayemjibu maiti anaitwa naye amfuate kaburini. Na anayetakiwa kuchinja kondoo ni mkubwa wa familia.

Andati akasimama ndani ya ua, mbali. Hakumtazama ndugu yake. Aliongea na miti. Akasema kondoo hakuna kwa sasa, kondoo watatafutwa, mambo haya hayana haraka. Yeye ambaye siku ya mgomba hakuweza kungoja panga linolewe.

Osundwa alilala barabarani, chini ya ukingo wa miwa. Nilimpelekea blanketi, nikaliweka chini nikaondoka. Hata mimi sikufungua mdomo. Hiyo ndiyo nguvu ya jambo hili.

Asubuhi trekta likaja. Aliyeliendesha ni Masinde, mtu wa kwetu, na afisa alikuwa amesimama nyuma yake kwenye chuma cha kuvutia jembe. Watu walijaa kando ya barabara.

"Masinde," Osundwa akasema. Sauti ileile ya chini. "Hilo shamba halilimwi. Mimi ndiye mwenyewe na nimekataa."

Masinde alitazama mbele.

"Teresa. Waambie."

Teresa alifunika mdomo kwa kitambaa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Afisa akamgonga Masinde begani. Jembe likashuka, likagusa udongo.

Ndipo Zipporah akatoka nyumbani. Alikuja akishika ukuta, halafu akishika mti, halafu hakushika kitu. Akapita kaburi na majani yake mawili. Akampita Andati, aliyesema, "Mama, usiende, utaitwa." Akapita mbele ya trekta. Akafika barabarani akanyoosha mkono.

"Chupa," akasema.

Osundwa akaitoa kifuani. Kizibo cha gunzi kilikuwa bado ndani. Yule mama akakivuta kwa meno yake mawili, akanywa kidogo, akakunja uso, akatema.

"Ni chumvi kweli," akamwambia mwanawe. "Sasa umesema nini kuhusu shamba?"

"Nimesema hapana, Mama."

Akageuka akawatazama watu wote. "Amesema hapana. Nyinyi hamna masikio?"

Masinde akazima injini. Afisa alimtukana kwa Kiingereza, akashuka, akapita kwenye matope kwa viatu vyake vyeupe. Teresa akaanza kulia kwa sauti, akiita jina la mumewe mara kwa mara, na baada ya yeye kuita, wengine wakaita. Kondoo alipatikana kabla ya jioni. Nani alimtoa, sisemi.

Zipporah alikufa kabla ya Krismasi. Wapo wanaosema ni kwa sababu alijibu. Alikuwa mzee, na kifua kilikuwa kibaya tangu zamani. Lakini watoto wanafundishwa kwamba ni kwa sababu alijibu, na wanaowafundisha ndio walewale waliokunywa sukari ya matanga.

Kwa wengine ilikuwa imechelewa. Walikuwa wamelimiwa tayari. Kipande cha Osundwa kilibaki peke yake, mahindi na mgomba mmoja kando, na miwa ikakua kukizunguka pande zote nne, ndefu kuliko nyumba. Mwaka wa pili ikakomaa, ikakauka majani. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na moto wake hufuata upepo. Afisa alipita akasema itachomwa siku yoyote ambayo hali ya hewa itafaa, na ofisini wanaletewa habari za upepo kila siku. Teresa alimwuliza kama nao watajulishwa. Akajibu hizo ni habari za kampuni.

Sasa kila asubuhi Osundwa hutoka kabla ya chai. Ndoo za maji amezipanga ukutani. Hatazami tena milimani tu. Hutazama kila upande, hulowesha kidole, hukiinua juu kuupima upepo. Jana upepo ulitoka ziwani. Leo umegeuka.