Chungu cha Pili

Siku hizi ukiuliza Malaba ilipokuwa baa ya Akwii, utaonyeshwa duka la vigae vya sakafu, na muuzaji atakuapia kwamba hapo hapajawahi kuwa na baa. Msamehe, alikuwa bado ananyonya. Orwa, kinyozi wa Busia, alikuwa amekwisha kuota ndevu, na Jumamosi moja alisimama mbele ya vile vigae akitabasamu peke yake mpaka mlinzi akamuuliza kama ananunua au anapita.

Chumba cha mbele kilikuwa cha madereva wa malori, waliotazama mpira wakingoja karatasi zao za mpakani. Nyuma, ukipita pazia la magunia, kulikuwa na chumba ambamo mwanamume angeweza kucheza rumba na mwanamume mwenzake bila mtu kumkodolea macho. Beryl na Cindy, wauza samaki, walivua viatu humo wakacheza mashavu yakiwa yamegusana. Polisi wakitokea, Akwii alizima rumba pale kaunta akaweka mapambio, na chumba kizima kikageuka kwaya. Kuna sajini mmoja aliwahi kuketi akasikiliza, akasifu sauti za besi, akawaalika waimbe kwenye harusi ya bintiye. Walikwenda, tena wakaimba vizuri.

Humo ndimo Orwa alimopatana na Ekisa, Mteso wa Amukura, fundi wa kuziba pancha, mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. Walipendana kwa miaka mingi, mmoja akilala Busia na mwenzake Malaba, wakikutana nyuma ya pazia. Kisha ofisi za mpakani zikaunganishwa, malori yakawa yanapita bila kulala. Sheria za ng'ambo ya mpaka dhidi ya watu kama wao nazo zikakazwa, wateja wa upande ule wakaacha kuvuka. Akwii akafunga baa, na lile pazia akaenda kuwatandikia kuku.

Mwaka jana Ekisa alikufa kwa ugonjwa wa ini. Siku ya mazishi, kakake Ikapel alimsimamisha Orwa langoni akamuuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Rafiki tu," Orwa alijibu, na akapelekwa kwenye viti vya wageni, nyuma ya spika. Kaburi aliliona vipande vipande, kati ya mabega ya watu. Jambo hilo lilimkaa kooni mwaka mzima. Hakutaka shamba la mtu wala urithi. Alitaka, mara moja tu, kukaa mahali pa mtu aliyefiwa.

Ndiyo maana Akwii alipompigia simu kwamba kuna ukumbusho, na kwamba mama yake Ekisa mwenyewe ameagiza aje, alifunga duka lake la kinyozi Jumamosi hiyo akaja. Lakini alikuja na woga. Zamani, nyuma ya pazia, Ekisa alimwambia akicheka, "Siku nitakupeleka kwetu, mama hatakunywa na wewe." Orwa, ambaye kununa ni kipaji alichozaliwa nacho, hakumpa nafasi ya kumaliza. Alimwambia basi abaki na mama yake. Kila Ekisa alipoligusia tena, Orwa alitoka nje. Amukura hakukanyaga mpaka siku ya mazishi.

Sasa alikuwa katikati ya ua huohuo wa mazishi, yeye na Akwii, jua likiwaka. Mama Asekenye, mzazi wa Ekisa, mwembamba, leso kichwani, alikuwa akiwasalimu wageni kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Alipomkaribia Orwa alivuta leso ikamfunika uso, akampita akamshika mkono mtu wa pili.

Labda hakuniona, Orwa alijidanganya.

Chungu cha ajono kililetwa, pombe ya wimbi iliyotiwa maji moto, na watu wakakizunguka na mirija yao mirefu. Akwii alimsukuma Orwa kwenye kigoda, akampa mrija. Alikuwa ndiyo kwanza ameutumbukiza wakati Mama Asekenye alipokuja na mrija wake. Mama alimwona, akasimama. Alirudi nyuma, akasema neno kwa Kiteso, na wasichana wawili wakaleta chungu cha pili wakakiweka kule kando ya jiko. Mama akaenda akaketi hapo, mgongo kwa Orwa.

Mirija yote ilitulia. Orwa aliweka mrija chini polepole, akasimama na kushika njia ya langoni, akimlaumu Ekisa kwa kuwa alisema kweli.

Akwii alimfikia akihema. "We Mjaluo, unaenda wapi?"

"Si umeona? Amehama chungu kama mimi niko na ukoma."

"Orwa. Kwetu sisi Wateso, unajua ni nani hawezi kunywa chungu moja na mama?"

"Adui."

"Mkwe," Akwii alisema. "Mkwe hapewi mkono. Hakai karibu na mama, hanywi na yeye. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ekisa alimwambia mama yake kila kitu kabla afe. Wale wote pale wameelewa, ni wewe tu umebaki."

Orwa alishika nguzo ya lango. Aliliona tena lile pazia, na Ekisa akicheka, furaha imemjaa uso. Mama hatakunywa na wewe.

"Kumbe alikuwa ananichumbia," alisema.

"Sasa wewe ulifikiria alikuwa anafanya nini?"

Hapo Orwa alilia. Alilia kwa miaka yote aliyonuna, na Akwii akamshikilia bega akiwatazama kuku wa watu, ili asimwaibishe.

Waliporudi, Ikapel alikuwa amesimama kando ya chungu, uso umekaza. Alimtazama Orwa, akautazama mgongo wa mamake kwa muda mrefu. Mgongo haukugeuka. Ikapel aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kiti cha kuegemea, akakiweka kati ya chake na cha mjomba wao.

"Keti, shemeji," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Orwa aliketi. Akwii alimrudishia mrija, naye akaushika kwa mkono wa kulia. Kutoka kando ya jiko, bila kugeuka, mama aliita.

"Akwii. Muulize huyo mtu wetu kama pombe imekolea."

Akwii aliuliza, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwambie Mama imekolea," Orwa alisema, na macho yake akayaacha chini, kama mkwe.